Daftari la Moyo

Mithali ya Waswahili husema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Wafanyabiashara huitumia kuonya juu ya hesabu. Lakini katika karne ya 20 Wakristo wengi wa Embu na Meru walijifunza hesabu ya namna nyingine. Hawakuuliza tu, "Nimepata kiasi gani?" bali, "Nimepataje?"

Nchi hizo zimelala kwenye miteremko ya Mlima Kenya, nazo zina rutuba na mito mingi. Wamisionari wa Kianglikana walianza kazi Kigari, karibu na Embu, katika mwaka wa 1910. Wamethodisti wakaanza Kaaga, Meru, mwaka wa 1912. Siku hizo utajiri ulihesabiwa kwa ng'ombe na mbuzi. Katika miaka ya 1930 Serikali ya kikoloni, ambayo ilikuwa imewawekea walowezi zao la kahawa, iliwaruhusu Waafrika wa Kisii, Embu na Meru kulipanda kwa majaribio. Baadaye mikahawa ikaenea, fedha zikaingia nyumbani, na pamoja na fedha tamaa nayo ikapata mlango.

Katika miaka hiyohiyo Uamsho ulitokea Gahini, katika nchi ya Rwanda. Ulifika Kenya mwaka wa 1937, na baadaye ukapanda mpaka Embu na Meru. Walioupokea waliitwa Wandugu. Jambo lililowashangaza jirani zao halikuwa nyimbo zao, bali desturi yao ya kurudisha. Aliyeungama wizi hakuishia katika maneno. Alilichukua jembe la watu akalipeleka kwa mwenyewe, au alimwendea bwana wake wa zamani akamlipa alichomwibia. Kielelezo chao kilikuwa Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, aliyeahidi kurudisha mara nne. Fikirini, wasomaji, ugumu wa jambo hilo: mwizi ambaye hakushikwa na mtu anajishika mwenyewe, na mkoba wake unapungua siku ileile anayookoka.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja wakati wa Hali ya Hatari, toka mwaka wa 1952 hata 1960. Wandugu wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wakakataa pia kuchukua bunduki za Serikali. Baadhi yao waliuawa. Wapiganaji wa msituni walidai ardhi iliyonyang'anywa, na dai hilo lilikuwa la haki. Lakini penye vita hapakosi mwenye kuvuna. Mashamba ya Mkoa wa Kati, ambao wakati ule ulikuwa pamoja na Embu na Meru, yalipoanza kupimwa na kuunganishwa, watu wengi walikuwa kizuizini, wasiweze kutetea mipaka yao. Waliopendwa na wakubwa wakapata nafasi ya kupanua yao. Kwa hiyo aliyekataa bunduki alikataa pia upendeleo ulioandamana nayo.

Uhuru ulipopatikana, tamaa ya ardhi haikukoma. Katika mwaka wa 1975 David Gitari aliwekwa kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa Embu. Alihubiri waziwazi juu ya wenye vyeo walionyakua ardhi ya wanyonge. Usiku wa tarehe 21 Aprili 1989 majambazi waliivamia nyumba yake katika Kirinyaga. Akapanda juu ya paa, akapiga kelele, na jirani wakaja kumwokoa. Hakunyamaza. Aliendelea kusema hata alipokuwa Askofu Mkuu wa Kenya, mwaka wa 1997.

Yampasa mwanafunzi wa historia kutambua pia kwamba bidii ya namna hii yaweza kupita kiasi. Baadhi ya waliookoka katika Uganda walifika hata kukataza kukopa fedha, kana kwamba dhambi imo ndani ya sarafu yenyewe. Sivyo. Mkulima wa Meru aliyeuza kahawa yake kwa haki, akawalipia watoto wake karo, hakumkosea Mungu wala mtu. Hatari ilikuwa katika jembe la jirani lililofichwa ghalani, na katika jiwe la mpaka lililosogezwa usiku.

Baadhi yenu mtashika fedha za chama, za shule au za Serikali. Mkaguzi atayasoma madaftari yenu mara moja kwa mwaka. Daftari la moyo halina mkaguzi ila Mungu na mwenyewe. Nao Wandugu walilifungua mbele ya watu, wakalipa.