Unataka kutoa siti ya nyuma ili ubebe mzigo? Mambo sita ya kujua kabla hujashika spana

Morogoro. Kabichi, karoti na viazi vya Mgeta na Nyandira, ndizi na mananasi ya Kinole na Matombo: vyote lazima vishuke mjini ndipo vipate bei. Kwa mwenye gari dogo la zamani, iwe Toyota Starlet au Volkswagen Beetle, wazo huja lenyewe: toa siti ya nyuma, upate nafasi ya matenga mengine mawili matatu.

Kazi yenyewe ni rahisi. Kwenye magari mengi ya aina hiyo, fundi anafungua bolti chache na siti iko nje. Tatizo ni kwamba siti hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kukalia tu. Inazuia mzigo wa kwenye buti usije mbele, na mara nyingi inafunika vitu ambavyo havitakiwi kuguswa.

Haya ndiyo ya kuzingatia.

1. Angalia kilichofichwa chini ya siti

Kwenye Volkswagen Beetle, betri iko chini ya siti ya nyuma, upande wa kulia. Siti ikitoka, vichwa vya betri vinabaki wazi. Jembe, panga au waya wa tenga ukigusa vichwa vyote viwili, au kichwa cha chanya pamoja na bodi, inapiga shoti na moto unaweza kuanza hapo hapo.

Magari mengi yanayovutwa na matairi ya mbele yana tangi la petroli chini ya eneo hilo, na juu yake kuna kifuniko cha pampu na mipira ya mafuta. Usiweke mzigo juu ya kifuniko hicho.

Morogoro haihitaji kufundishwa ukali wa petroli. Moto wa lori la mafuta pale Msamvu, Agosti 10, 2019, uliua watu zaidi ya 100. Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari, usiwashe. Fungua milango, kisha muite fundi.

Kabla ya kuanza kazi, chomoa waya wa hasi wa betri kwanza. Ukimaliza, funika betri kwa mfuniko mgumu usiopitisha umeme na uufunge usicheze. Kipande cha boksi hakitoshi.

2. Ziba matundu yote

Bolti zikitoka, sakafu inabaki na matundu. Kama ekzosi inavuja, moshi unaingia ndani kupitia hapo. Ndani ya moshi huo kuna gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Dereva anaanza kuumwa kichwa na kusinzia bila kujua sababu. Ziba kila tundu kwa kizibo cha mpira na mwambie fundi akague ekzosi.

3. Nafasi imeongezeka, uwezo haujaongezeka

Siti ya nyuma ilitengenezwa kwa watu watatu, tuseme kilo 200 hivi kwa jumla. Springi, ekseli na breki ni zile zile. Gunia moja la viazi linaweza kufika kilo 100, kwa hiyo mawili tu yanatosha. Lumbesa usiifikirie kabisa.

Mzigo mzito uweke chini, karibu na siti za mbele. Ukiurundika nyuma kabisa, pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika juu. Kwenye Beetle hali ni mbaya zaidi kwa sababu injini nayo iko nyuma.

4. Funga mzigo, usiuegemeze

Gari lililo kwenye spidi ya kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, tenga la kilo 30 linasukuma mbele kwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya kilo 400. Linalopokea nguvu hiyo ni mgongo wa dereva.

Weka wavu wa chuma au ubao imara nyuma ya siti za mbele, uliofungwa kwa bolti kwenye bodi. Mzigo ufungwe kwa mikanda ya kufungia mizigo, ishikiliwe na ndoano zilizofungwa kwenye chuma cha gari.

5. Kumbuka gari linashuka likiwa limejaa

Mji wa Morogoro uko takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya Mgeta vinapita mita 1,000. Gari linapanda tupu na kushuka na mzigo, tena kwenye kona na utelezi wa msimu wa mvua. Ukikanyaga breki muda wote, zinapata moto na kuacha kushika. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka. Kagua pia mafuta ya breki na upepo wa matairi.

6. Siti ikitoka, abiria wa nyuma hayupo

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Safari ya kupanda gari ni tupu, halafu mtu anaomba lifti, au mtoto anawekwa sakafuni juu ya gunia. Hana mkanda wala cha kuegemea, na gari likigonga anarushwa kama tenga lolote. Anayepanda akae siti ya mbele na afunge mkanda. Wa pili asubiri gari jingine.

Kabla ya safari ya kwanza, ongea na kampuni yako ya bima. Bima ya gari binafsi na ya biashara ni vitu viwili tofauti, na gari lililobadilishwa bila taarifa linaweza kukuletea mgogoro siku ya ajali.

Siti yenyewe usiiuze. Itunze pamoja na bolti zake, na siku ya kuirudisha tumia bolti hizo hizo, hasa za mikanda. Bolti ya kuokoteza gereji inaweza kukatika siku ambayo mkanda unahitajika kumshika mtu.