Istilahi zijaribiwe kwanza, kama ilivyojaribiwa M-Pesa

WATAALAMU wa programu za tarakilishi wana desturi moja ambayo ingetufaa sana sisi watu wa lugha. Hawaitoi programu mpya kwa umma papo kwa papo. Kwanza huijaribu wenyewe, kisha huwapa watu wachache wa nje waitumie katika shughuli zao za kila siku. Hatua hiyo ya pili wameipa jina la herufi ya pili ya Kigiriki, beta. Sisi twaweza kuiita toleo la majaribio. Muda wa majaribio ukiisha huketi wakaulizana: watu wamekwama wapi? Wamependa nini? Wamepuuza nini? Majibu ndiyo yanayoamua toleo lijalo litakuwaje.

Kwa watu wa pwani jambo hili si geni. Fundi akimaliza kuunda jahazi hulishua, yaani hulitia majini kwa mara ya kwanza. Ni majini ndipo panapojulikana panapovuja, na penye mwanya pakakalafatiwa kabla ya shehena kupakiwa. Chombo hakisifiwi kikiwa bado ufuoni.

Mfano ulio karibu nasi ni M-Pesa. Wengi wanaijua historia yake kuanzia Machi 2007, ilipozinduliwa kote nchini. Ila kabla ya hapo palikuwa na jaribio lililoanza Oktoba 2005 huko Nairobi na Thika, likiwa na wateja wasiozidi 500 na mawakala wanane tu. Safaricom na Vodafone walishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya pamoja na benki ya Commercial Bank of Africa, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza. Lengo lilikuwa finyu: mkopaji wa Faulu apokee na kulipa mkopo wake kwa simu.

Jaribio lilipofungwa mwezi Mei 2006, yaliyobainika yalikuwa mengine kabisa. Ulipaji wa mikopo ulikuwa na mizunguko mingi, na ulikuwa mgumu kuoanishwa na hesabu za shirika na mikutano ya vikundi vyake. Wateja nao walikuwa wamejitafutia matumizi yao. Walitumiana pesa. Walilipana madeni ya biashara. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari wakazitoa wafikapo, ili wasiporwe njiani. Waliopanga toleo lililofuata walikuwa na hiari ya kuwalaumu wateja kwamba hawakufuata maagizo. Badala yake waliweka kando suala la mikopo, wakabakisha lile ambalo watu walikuwa wamelichagua wenyewe: kutuma pesa nyumbani. Kufikia mwanzo wa 2008 waliojisajili walikuwa wamepita milioni moja.

Mpenzi msomaji, utauliza haya yanahusianaje na Kiswahili. Yanahusiana sana, kwa sababu huduma hiyo ilipoenea, wasemaji waliendelea kuijaribu kwa ndimi zao. Hapa Likoni, kwenye vibanda vilivyo karibu na kivuko, na kule Changamwe wanakopokea ujira wao vibarua wengi, utasikia: "Ami, nitumie mia tano na ya kutoa." Hebu itazame sentensi hiyo. "Ya kutoa" ni ada anayokatwa mpokeaji anapochukua pesa zake kwa wakala. Nomino imedondoshwa, kikabaki kiambishi cha upatanisho, na kila mtu anaelewa. Kitenzi "kutoa" nacho kimepata maana mahususi ya kuchukua fedha taslimu kutoka katika simu. Hakuna kamati iliyoketi kuiamua maana hiyo.

Vivyo hivyo na "fuliza". Maana yake ya asili ni kufanya jambo mfululizo bila kusita. Tangu huduma ya jina hilo ilipoanza mwaka 2019, mtu akisema "nimefuliza" anamaanisha kwamba ametumia pesa kupita alizokuwa nazo na sasa anadaiwa. M-Shwari iliyokuja 2012 ilichukua neno la mabaharia, shwari, bahari iliyotulia bila upepo. Maneno haya yamefaulu kwa sababu yalikuwa na mizizi katika lugha na yakapita mikononi mwa watumiaji.

Sasa linganisha na safari ya istilahi za tarakilishi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikisaidiwa na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Baadaye Microsoft nayo ikatoa violesura vya Kiswahili vya Windows na Office. Zilikuwa kazi za kuheshimika, kwani kabla yake wengi waliamini kwamba lugha hii haiwezi kubeba teknolojia. Lakini nenda leo katika maduka ya kuchapishia karatasi kule Kisauni uone ni tarakilishi ngapi zinazotumia Kiswahili. Mimi sijaiona hata moja.

Sababu ni nyingi, na mazoea ya Kiingereza ni mojawapo. Lakini maneno yenyewe yana sehemu yake. Kifaa kimoja kimeitwa tarakilishi, ngamizi na kompyuta. Simu ya mkononi imeitwa rununu, simutamba na rukono, ilhali watu wanasema simu, basi. Baadhi ya programu humwagiza mtu aingize "nywila". Bibi wa Kisauni akisikia nywila atashika nywele zake! Mwambie "neno la siri" au "nambari ya siri", na hataulizia lolote zaidi.

Usidhani nacheka tu. Mtu asiyeelewa agizo lililo kwenye simu yake humpa mtu mwingine amsomee. Nimeshuhudia hivyo si mara moja: mama anamkabidhi kijana asiyemfahamu simu yake, kisha anamtajia nambari ya siri kwa sauti. Siku hizi huduma nyingi za serikali, hospitali na benki zinaombwa kwa simu. Neno lisiloeleweka humfanya mtu mzima awe tegemezi, na laweza kumtia hasara ya akiba yake yote.

Historia ya kutoa bila kujaribu ni ndefu kuliko tarakilishi. Mwaka 1928 palifanyika mkutano papa hapa Mombasa, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ya wenyeji wa mji ule ule, kikawekwa kando, ingawa wamishonari wa Mombasa walikuwa wamekitetea kwa miaka mingi. Waliokuwa na sauti katika uamuzi huo walikuwa maafisa wa kikoloni na wamishonari. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kuutekeleza. Mimi siwi miongoni mwa wanaotaka usanifishaji ufutwe, maana umetupa lugha ya vitabu inayosomeka kutoka Lamu hadi Kigoma. Hata hivyo, mtoto aliyelelewa na nyanya anayesema "ndia", "mato" na "mtele" aliambiwa shuleni kuwa hajui Kiswahili. Walioulizwa mwisho ndio waliokuwa na lugha tangu mwanzo.

Kamusi nazo zina matoleo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, ikarudi 2004, kisha 2013. Kati ya toleo la kwanza na la pili ilipita miaka 23, muda ambamo simu ya mkononi ilienea. Sisemi kamusi ikimbizane na simu. Nasema orodha za istilahi, ambazo ni nyepesi kuliko kamusi, zinaweza kutolewa kama matoleo ya majaribio.

Pendekezo langu ni hili. Kabla ya orodha kuidhinishwa, ipelekwe kwa watu hamsini wa Likoni, hamsini wa Kisauni na hamsini wa Changamwe, na wengine Kisumu, Mwanza na Bukavu. Wasiwe walimu wa Kiswahili pekee: wawemo wachuuzi, mabaharia, wauguzi na wanafunzi. Waulizwe wameelewa nini, wao wangeliitaje jambo hilo, na neno lipi hawataki hata kulisikia. Mwaka mmoja unatosha. Kisha orodha itolewe upya, ikionyesha wazi ni maneno gani yameondolewa na kwa nini. Kwa kuanzia, ningependa kuona "nywila" ikiwekwa kwenye mizani hiyo pamoja na "neno la siri", na "ya kutoa" ikipewa nafasi yake katika toleo lijalo la kamusi.