Motokaa ya Kifahari katika Njia ya Thika

Msomaji, ikiwa siku moja utasikia kwamba huko Ruiru au Thika kuna Jaguar kuukuu inayouzwa, ile yenye viti vya ngozi na mbao iliyong'arishwa mbele ya dereva, usikimbilie kuuliza bei. Uliza kwanza ilisajiliwa lini, na mwenyewe wa kwanza alikuwa nani. Kitabu cha gari ni hati ya historia kama hati nyingine yoyote. Tena yafaa ujue kwamba Kenya iliweka sheria ya kutoingiza nchini magari yaliyozidi umri wa miaka minane. Kwa hiyo motokaa kuukuu ya namna hii kwa kawaida ililetwa ingali mpya, ikazeekea hapa hapa.

Je, nani aliweza kuinunua? Reli ilifika Thika mwaka 1913, na pande zote mbili za njia walowezi wa Kizungu walikuwa wakilima kahawa na mkonge. Tangu mwaka 1920 mfanyakazi Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, nacho alikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Kwa miaka mingi alikatazwa kupanda kahawa yake mwenyewe katika sehemu hizi. Mlango ulifunguliwa wazi baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Basi ukiiona motokaa ya mlowezi katika picha za kale, kumbuka kwamba ilinunuliwa kwa kahawa, na kahawa hiyo ilichumwa na watu waliokwenda kwa miguu. Picha hizo mara nyingi huonyesha gari na mwenye gari tu.

Hata hivyo, Jaguar, Rover na Rolls-Royce hazikutengenezwa kwa ajili ya barabara zetu. Tumbo la Jaguar li karibu mno na ardhi; vumbi jekundu huingia kila penye upenyo, na mvua ikinyesha udongo mweusi hushika magurudumu kama gundi. Ushahidi ni mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Ungedhani kwamba magari ya fahari ya Kiingereza yangepata heshima katika sherehe ya malkia wao. La! Mercedes ya Ujerumani ilishinda mwaka 1959, 1960 na 1961, na Peugeot 404 ya Ufaransa ikashinda mara nne katika miaka hiyo ya sitini. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 wakubwa wetu nao waliipenda Mercedes, hata wananchi wakawabandika jina la Wabenzi, jina ambalo halikuwa la sifa.

Sasa njoo Thika yenyewe. Mwaka 1968 Jaguar na Rover ziliwekwa chini ya kampuni moja kubwa, British Leyland, na mwaka huo huo Jaguar ikatoa XJ6, ambayo mimi naihesabu kuwa nzuri kuliko zote walizounda. Mwaka 1974 kampuni hiyo ilishirikiana na Serikali ya Kenya kuanzisha Leyland Kenya, na kiwanda chake kikajengwa Thika. Lakini kazi ya kiwanda ilikuwa Land Rover na malori, wala si Jaguar. Vipande vililetwa kutoka ng'ambo, na mafundi wa Thika wakaviunga, wakapaka rangi, wakatoa gari zima. Land Rover ni ndugu maskini wa motokaa za kifahari: kampuni ya Rover iliitoa mwaka 1948, baada ya vita, mwili wake ukiwa wa alumini kwa kuwa chuma kilikuwa adimu. Ndiyo iliyofaa shamba, polisi na daktari wa wilaya. Baadaye kiwanda kilibadili jina kikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na mwaka 1 kabla ya 2017 kikaanza kuunga Volkswagen.

Huko Uingereza mambo yaliharibika upesi. Mwaka 1975 serikali yao ililazimika kuichukua British Leyland isife. Jaguar ilitengwa mwaka 1984, Ford ya Marekani ikainunua, na mwaka 2008 ikaangukia mikononi mwa Tata ya India. Wakati wa ukoloni Wahindi walikatazwa kumiliki ardhi katika nyanda za juu za Kenya. Leo gari la mabwana wa nyanda hizo ni mali ya kampuni ya Kihindi.

Barabara pana na laini ya Thika, iliyopita Ruiru, ilifunguliwa mwaka 2012, miaka 44 baada ya XJ6 ya kwanza kutoka kiwandani Coventry.