Mnyama wa nyumbani anavyoweza kumfaa mwenye usonji

KATIKA nyumba nyingi za Mtongwe, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, paka huingia na kutoka apendavyo, na kuku huchakura uani tangu alfajiri. Ni nadra mtu kufikiria kwamba viumbe hao tuliowazoea wanaweza kumsaidia mtoto, au hata mtu mzima, mwenye usonji.

Usonji, ambao pia huitwa tawahudi, ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtu awasiliane, atangamane na wenzake na kuhisi mambo kwa namna tofauti na wengi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na hali hiyo. Haiambukizi, wala haisababishwi na majini au malezi mabaya. Mnyama naye hawezi kuiondoa. Anachoweza ni kumrahisishia mhusika njia ya kuwakaribia watu.

Sababu yake yaeleweka. Mazungumzo ya binadamu yamejaa mizaha, mafumbo na ishara za uso, na mwenye usonji mara nyingi huchoka kuyafumbua yote kwa pamoja. Paka hana mafumbo. Akifurahi hujisugua miguuni, akichukizwa huondoka, wala hamlaumu mtu kwa kukaa kimya.

Watafiti wamelichunguza jambo hili. Nchini Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwatazama watoto 33 wenye usonji wakicheza na wanafunzi wenzao, mara wakiwa na vinyago, mara wakiwa na simbilisi, wanyama wadogo wanaokaribia kufanana na sungura. Mbele ya wanyama hao, watoto walizungumza zaidi, waliwatazama wenzao usoni na kucheka mara nyingi zaidi.

Nchini Ufaransa, utafiti wa mwaka 2012 ulibaini kuwa watoto waliopata mnyama baada ya kutimiza umri wa miaka mitano waliendelea vyema katika kugawana vitu na kuwaliwaza wengine. Mabadiliko hayo hayakuonekana kwa waliozaliwa wakamkuta mnyama tayari yuko nyumbani.

Watu wazima nao hunufaika. Mnyama anayesubiri chakula na maji kila asubuhi huipa siku utaratibu, na utaratibu ni jambo ambalo wengi wenye usonji hulithamini sana. Temple Grandin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947 na kuchelewa kusema utotoni, alikuja kuwa profesa wa sayansi ya wanyama. Ameeleza mara nyingi kwamba usonji wake ulimsaidia kuelewa kinachowatisha ng'ombe.

Je, familia ya Mtongwe ichague mnyama gani? Katika nchi za Magharibi mbwa husifiwa sana, lakini Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Hilo si kikwazo, kwa kuwa paka mpole, sungura, njiwa au hata mbuzi anaweza kufaa. La muhimu ni mnyama huyo alingane na mhusika. Asiyevumilia kelele hatafaidika na jogoo, na mwenye pumu anaweza kudhuriwa na manyoya.

Ni busara kuanza taratibu. Mpeleke mtoto kwa jirani mwenye paka, umwache atazame kwa mbali hadi atakapotaka mwenyewe kusogea. Asilazimishwe kumshika. Akimkubali, mpe kazi ndogo ya kila siku, kama vile kumwekea maji saa ile ile.

Mnyama naye ana haki zake. Mtoto anaweza kumbana kwa nguvu bila kukusudia, hivyo mtu mzima awepo karibu, na mnyama awe na mahali pa kujificha. Paka achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa na apewe dawa za minyoo. Akimuuma au kumparura mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha majeruhi apelekwe hospitalini bila kuchelewa.

Haya yote hayachukui nafasi ya uchunguzi wa daktari, mafunzo ya usemi wala masomo. Mzazi anayemshuku mwanawe kuwa na usonji amfikishe mapema kwa wataalamu wa afya na katika vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum.

Hata hivyo, mzigo mzito kwa familia nyingi ni upweke, hasa pale mtoto anapofichwa ndani kwa kuogopa maneno ya watu. Sungura mmoja uani anaweza kuwa sababu ya watoto wa mtaa kubisha hodi. Watakuja kumwona sungura, na hapo watamkuta mwenzao.