Kifo cha utata: Mtendaji wa kata si korona

KIFO cha ghafla kinapotokea katika Kata ya Bendera, wilayani Same, aghalabu anayepata habari kwanza ni mwenyekiti wa kitongoji au Mtendaji wa Kijiji, si polisi. Hata hivyo, viongozi hao hawana mamlaka ya kuamua sababu ya kifo.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 kinamtaka kila aliyepata habari za kifo cha ghafla, cha kikatili au chenye utata, ama za maiti iliyookotwa, atoe taarifa mara moja kwa polisi au kwa kiongozi wa eneo husika. Kiongozi naye hana budi kuifikisha taarifa hiyo katika kituo cha polisi kilicho karibu. Kwa maneno mengine, yeye ni mjumbe tu.

Uchunguzi wenyewe unatawaliwa na Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, na huendeshwa na korona, ambaye kwa kawaida ni hakimu. Korona hutafuta marehemu ni nani, alifariki lini, wapi na kwa namna gani. Hamtii mtu hatiani.

Enzi za Mwingereza, Mkuu wa Wilaya alikuwa pia hakimu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilikomesha utaratibu huo. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, lakini madaraka hayo si ya ukorona.

Maiti ikizikwa haraka kwa ruhusa ya mtendaji, ushahidi huenda nayo kaburini, na kuifukua kunahitaji amri ya mahakama, jambo zito kwa wafiwa.