Milimita 67

Wenzangu, mtu wa agronomia anatafuta nini mu mambo ya reli? Ngojeni kwanza. Mimi nimeona gunia la mahindi likishushwa na kupakiwa tena: kila mara linapungua.

Treni yetu ilitoka kusini. Mwaka 1910 ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa reli za upana wa milimita 1,067, sawa na za Rhodesia. Njia ya Tenke mpaka Dilolo, ile inayopita hapa Kolwezi, ilifunguliwa 1931 kwa upana uleule, na ya Benguela pia. Njo maana shaba yetu iliweza kufika Lobito, baharini, bila kubadilisha behewa.

Lakini kampuni ya CFL ilikuwa imejenga Kabalo mpaka Albertville (Kalemie) kwa milimita 1,000. Tofauti haifiki hata vidole vinne! Behewa la Katanga haliwezi kuingia kule. Na ukisogeza reli, lazima uguse na magurudumu ya mabehewa yote ya zamani. Hapo njo gharama inaficha sura. Walikubali 1955, wakapanua. Mwaka uliofuata njia ya Kamina mpaka Kabalo ikaunganisha pande mbili.

Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, reli ya zamani ilibaki na milimita 1,000.