Ukurasa wa Pili

Kazi yangu ni kuchapa programu za mazishi. Kadi za harusi nachapa pia, na barua za watafuta kazi, lakini mazishi ndiyo yanayolipa kodi ya duka. Saiba yangu iko Makutano, mjini Meru, mwendo mfupi wa matatu kutoka Kaaga nilikozaliwa. Ukitaka kujua familia ya mtu ilivyo, usimsumbue mchungaji wala chifu. Njoo kwangu Jumatano jioni, wafiwa wanapofika na karatasi zao. Ukurasa wa kwanza hauna ugomvi: picha, jina, tarehe mbili. Ukurasa wa pili ndio huanza na "Marehemu alikuwa mume wa...", na hapo watu wazima hunyang'anyana kalamu.

Wengi hudhani ugomvi huu umeletwa na mambo ya siku hizi, mpango wa kando na simu za mkononi. Mimi nasema una zaidi ya miaka mia moja, na ulianza siku mtu alipofungua daftari pale Kaaga na kutaka familia iingie katika mstari mmoja.

Kabla ya hapo, boma la Mmeru wa Imenti lilikuwa na nyumba kadhaa. Mume alikuwa na yake, kila mke na yake, pamoja na ghala lake na shamba lake la kulisha watoto wake. Kijana akishatahiriwa alihamia gaaru, banda la vijana wapiganaji, akalala na rika lake. Rika lilikuwa na nguvu ya damu: binti wa mwanarika wako alikuwa bintiyo, na kumposa ilikuwa mwiko. Juu ya hayo palikuwa na mwiriga, ukoo, na gichiaro, undugu wa kiapo baina ya koo na koo. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu humnyimi, hata kama ndiyo mara yako ya kwanza kumwona, maana laana yake haina dawa. Ungemuuliza mzee wa enzi hizo jamaa zake ni akina nani, angetaka kwanza kujua unauliza kwa ajili ya nini. Kula, kuoa, kurithi, kupigana: kila jambo lilikuwa na watu wake, na hakuna aliyehitaji kuwaandika wote pamoja.

Wamethodisti wa Uingereza walikuwa pwani tangu 1862, walipoanza Ribe karibu na Mombasa. Kaaga walifika mwaka 1912, miaka michache baada ya Edward Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, kufungua ofisi ya serikali Meru. Chini ya mmisionari R. T. Worthington kituo kikawa na kanisa, shule ya bweni na kitabu cha ubatizo. Bweni halikuwashangaza wazee sana. Mimi naona waliliona kama gaaru nyingine, mahali pa kuwatoa vijana kwa mama zao. Kilichowashangaza ni kitabu. Kilikuwa na nafasi ya mume mmoja na mke mmoja, na kama ilivyokuwa katika misheni nyingi za Kenya, mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mmoja.

Baba wa babu yangu alikuwa na wake watatu. Juju, nyanya yangu, alitusimulia kwamba Jumapili wake wote watatu walienda ibadani, na yeye akawasindikiza hadi mlangoni, kisha akaketi nje chini ya mti mpaka watoke. Hakutaka kumfukuza hata mmoja, na kuimba alipenda, kwa hiyo aliimba akiwa huko huko nje. Alibatizwa uzeeni, wawili wakiwa wamekufa, hesabu ilipojisawazisha yenyewe. Kwenye cheti chake, kwa hiyo, ana mke mmoja tu, naye ni yule wa tatu. Juju, aliyeolewa katika nyumba ya kwanza, alikuwa akicheka kila alipofika hapo.

Si wasomi wote wa Kaaga waliokubali kwamba ya zamani yafutwe. Mchungaji Philip M'Inoti, mmoja wa Wameru wa mwanzo kuvaa kola ya uchungaji, alikaa akaandika mswada mzima kwa Kiswahili, "Asili ya Wameru na Tabia Zao". Mwanaanthropolojia Bernardo Bernardi aliutumia alipoandika kitabu chake juu ya Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, kilichotoka 1959. Nampenda M'Inoti kwa sababu hiyo: alihudumu katika kanisa lenye daftari la mstari mmoja, na bado akaona ukoo na rika ni mambo yanayostahili wino.

Wanawake nao walikuwa na sauti yao kuhusu nani ana haki ya kuzaa, na ilitoka katika tohara. Mimba ya msichana ambaye hajapita huko ilihesabiwa kuwa balaa, na mara nyingi ilitolewa. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee, likihimizwa na utawala wa kikoloni, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wakanunua nyembe wakakatana wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa. Siutetei ukeketaji, na wasichana wengi wa shule za misheni waliukwepa kwa furaha. Lakini nyanya na mama wakwe waliona wanaume wa baraza na wanaume wa serikali wamekaa pamoja kuamua lini msichana anakuwa mama, kazi ambayo ilikuwa yao.

Kisha likaja shamba. Meru, pamoja na Embu na Kisii, ilikuwa kati ya sehemu za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930, na kahawa ilifanya ardhi iwe na bei. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na baadaye vipande vikaunganishwa, vikapimwa, na hatimiliki zikatolewa. Kitabu cha ubatizo kilitaka mke mmoja. Hatimiliki ikataka jina moja, na likawa la mwanamume. Mashamba ya wake watatu, ambayo kila mmoja alijua mpaka wake kwa mti na kwa jiwe, yakawa namba moja katika ofisi ya ardhi.

Mzee akifa, namba hiyo inabidi ifunguliwe. Sheria ya Urithi ya 1972, iliyoanza kutumika 1981, inasema katika kifungu cha 40 kwamba mali ya mwenye wake wengi igawanywe kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mjane ahesabiwe kama mtu mmoja zaidi. Chukua ekari kumi. Nyumba ya kwanza ina mjane na watoto watatu, ya pili mjane na watoto watano. Kwa sheria ni ekari nne kwa sita. Kwa wazee wanaogawa nyumba kwa nyumba ni tano kwa tano. Ekari hiyo moja nimeona ikiwatenganisha ndugu waliokua katika boma moja. Na tangu 1997, Chuo Kikuu cha Methodisti kilipofunguliwa hapa jirani, ekari moja si mahindi tena, ni hosteli ya wanafunzi.

Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka huo huo wa 1981: mwanamke aliyeolewa kimila akawa mke katika urithi, hata kama mume alikuwa na ndoa ya kanisani. Ndipo wajane ambao kitabu cha kanisa hakikuwajua wakaanza kutokea mahakamani na mashahidi wa ruracio, yaani mahari, wa kuapa kwamba ng'ombe, fahali, kondoo na asali vilipelekwa kwao.

Watoto wa wasioolewa walipita njia ngumu zaidi. Mwaka 1959 ilipitishwa sheria ya kumwezesha mama kumdai baba matunzo, na mwaka 1969 ikafutwa na Bunge ambalo halikuwa na mwanamke hata mmoja. Kwa miaka mingi watoto hao waliandikwa kwa jina la babu mzaa mama. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, iliwarudishia haki ya kulelewa na wazazi wote wawili, waliooana na wasiooana. Dukani nawajua haraka: ni wale "wajukuu" wanaotaka wawekwe pamoja na wana, kwa kuwa babu ndiye aliyewalipia karo.

Mwaka fulani alikuja kijana wa nyumba ya kwanza na orodha iliyopigwa taipu vizuri. Nyuma yake akaingia mama mzima, kitenge kipya, picha ya mume ndani ya Biblia.

"Mwanangu," akaniambia mimi, si yule kijana, "mimi niandikwe wapi?"

"Mama, hilo ni shauri la familia."

"Mimi nimempikia miaka thelathini. Familia ni nani?"

Kijana akatazama skrini. Nikawaambia ninachowaambia wote: tuandike watoto kwa umri wao, kuanzia mkubwa hadi mdogo, bila kutaja mama zao, na juu yake tuandike "ameacha wajane". Silabi moja iliyobadilisha "mjane" kuwa "wajane" iliwachukua saa nzima, na simu tatu kwa mjomba Nairobi.

Siku hizi mawakili hunijia. Chifu akitoa barua ya warithi, na fomu ya urithi ya mahakama, P&A 5, ikijazwa kwa majina tofauti, programu ya mazishi hupelekwa mahakamani kuonyesha nani alitambuliwa kaburini. Kwa hiyo sichapi tena nakala hata moja kabla kila nyumba haijaweka sahihi kwenye rasimu, na rasimu hizo nazifungia katika sanduku la bati chini ya mashine ya kopi, zimepangwa kwa mwaka.